Nimuoe? Mimi?

Katika miaka thelathini na minne niliyofanya kazi Taasisi ya Mizani, hapa Korogwe, sikuwahi hata siku moja kukaa ndani ya chumba ambamo maswali yangu yanasomwa. Niliyaandika nikiwa na miaka ishirini na saba, nikayakabidhi, nikahamia ghorofa ya juu kusoma tarakimu. Tarakimu hazikohoi, hazichelewi kazini, wala hazikuulizi umeshindaje. Tulielewana vizuri sana.

Jumanne ile nilishushwa chini na mafua ya watu wengine. Sheria inataka kila rufaa ishuhudiwe na mjumbe mmoja wa Baraza, na wajumbe wenzangu wote walikuwa majumbani wanapiga chafya. Nikajikuta nimekaa kwenye kiti kigumu chumba namba tatu. Mbele yangu alikaa mwanamume, kando yake mwanamke, na chini ya meza mtoto wa miaka miwili aliyekuwa anajaribu kula kamba ya kiatu chake.

Mwanamume aliitwa Mbelwa Shekiondo, fundi wa kuchomelea katika gereji ya treni za sumaku. Mwanamke ni Salha Mwinjuma, rubani wa vyombo vya mizigo viendavyo Mwezini. Miaka mitatu iliyopita walitia saini mkataba wa mpito, ile miezi mitatu wanayojiandikisha watu wasiotaka makubwa: mnapendana, hamsumbuani, siku ikifika kila mtu anashika njia yake. Siku ilifika, wakaagana kwa amani, na baada ya hapo ndipo huyu mtoto, Tunu, alipojitangaza tumboni.

Hawakuwa na ugomvi wowote, na hilo ndilo lililonishangaza. Salha alikuwa amepata safari ya miaka minne na alitaka kwenda. Mbelwa alitaka kubaki na mtoto. Baba anataka, mama ameridhika, mtoto ameshapata kitanda kwa baba yake. Mizani, mashine yetu ya kupima mioyo, ndiyo iliyokataa.

"Dakta, shikamoo," alisema Mwantumu, karani wa chumba hicho, huku akimfunga Salha bangili ya kupimia. "Tuanze?"

"Marahaba. Anza, mwanangu. Jifanye sipo."

Bangili ile ni kitu chepesi, ungedhani ni pambo. Kwa ndani inasikiliza mapigo ya moyo, jasho la ngozi na zile kemikali za mshikamano ambazo mwili humwaga mtu anapoguswa moyoni. Karani anasoma maswali ishirini, bangili inapima mwili ulivyoshtuka kwa kila swali, na Mizani inatoa namba moja. Ukivuka sitini wewe ni mkaaji, mtu wa kushikamana. Chini ya hapo ni mpitaji, na sheria haimkabidhi mpitaji mtoto. Mkaaji naye haruhusiwi kuachana na mtoto kwa zaidi ya mwaka, eti ataharibikiwa akili. Miaka yote hiyo wanawake walitoka wakaaji na wanaume wakatoka wapitaji, wengi kiasi kwamba hakuna aliyekuwa na haja ya kuuliza zaidi.

Na nadharia ilikuwepo tayari ikisubiri. Mwanamke, tulisema, hubeba mimba miezi tisa na kunyonyesha miaka miwili, hivyo kwa vizazi visivyohesabika yule aliyechagua kwa makini ndiye aliyefanikiwa kulea. Mwanamume gharama yake ilikuwa dakika chache, hivyo yule aliyepitapita ndiye aliyeacha wajukuu wengi. Mapenzi ya kupita yameumbiwa mwanamume, mwanamke akiyaingia anaingia na moyo wake wote. Nilifundisha hivyo mimi mwenyewe, na ukumbi wa mihadhara una jina langu mlangoni.

Mwantumu alisoma kwa sauti ya kuchoka. Swali la kumi na moja, la kumi na mbili, la kumi na tatu. Mstari kwenye kioo ulitambaa taratibu, umetulia.

"Swali la kumi na nne. Je, ungependa kumuoa mtu huyu?"

"Nimuoe? Mimi?" Salha alimkodolea macho, kisha akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Dada, hilo swali la wanaume. Mimi hapa ni wa kuolewa, tena na wenyewe hawajitokezi."

"Nasoma kama lilivyoandikwa, dada yangu. Ndiyo au hapana?"

"Hapana, jamani! Nimuoe nimpeleke wapi?"

Mstari ulikuwa umeruka hadi juu ya kioo na kugonga ukingo. Maswali sita yaliyobaki hayakuushusha. Mizani ikaandika: themanini na nane, mkaaji. Mbelwa alipofungwa bangili ileile na kuulizwa swali lilelile kuhusu Salha, alijibu "hapana, tulishakubaliana" kama mtu anayeulizwa saa. Ishirini na tatu, mpitaji. Mtoto angepelekwa Nyumba ya Malezi, na mama yake angelazimika kubaki karibu naye, kuanzia Ijumaa saa nne asubuhi, isipokuwa Baraza liamue vingine.

Nimesoma saikolojia ya mageuzi maisha yangu yote, lakini kabla ya hapo nilizaliwa Mswahili, na Mswahili yule ndiye aliyeamka kwenye kile kiti. Bangili haikuona mapenzi ya Salha. Iliona mshangao wa mwanamke aliyeulizwa kama angependa kuoa.

"Mwantumu," nikasema, "wanawake wengine huwa wanafanyaje kwenye swali hilo?"

"Wanacheka, Dakta. Wengine wanasonya. Juzi mmoja aliniuliza kama namtukana. Huwa tunaandika pembeni."

"Pembeni wapi?"

"Kwenye safu ya maoni." Akanitazama kwa huruma. "Hamuisomi?"

*

Kosa lilikuwa langu, tena nililifanya kwa kujidai. Rasimu ya kwanza ilikuwa na maneno mawili, "kumuoa" kwa wanaume na "kuolewa naye" kwa wanawake. Mimi ndiye niliyesimama mbele ya wakubwa zangu nikasema hayo ni maswali mawili, na maswali mawili hayalinganishwi. Nikataka swali moja kwa wote, herufi kwa herufi, na karani asiguse kitu. Nilidhani natetea usawa. Wakapiga makofi, na humo ukumbini tulikuwa Waswahili watupu, lakini lugha ya nyumbani tuliiacha mlangoni pamoja na miavuli.

Jumatano mchana nilishuka kantini na bangili mfukoni. Nilikuwa na swali moja tu, na niliwauliza wanaume kumi na wawili wenye wake au wapenzi: "Je, ungependa kuolewa na huyo mwenzako?"

Mpishi aliangusha upawa. Themanini na nne. Mhasibu alitabasamu kwa adabu na kuniambia nikapumzike, lakini mkono wake ulisema tisini. Kijana wa kompyuta alirudia "kuolewa?" mara tatu, kila mara kwa sauti ya juu kidogo. Mlinzi wa geti, mtu wa mabega mapana ambaye hajawahi kunikosea heshima, alirudi nyuma hatua mbili.

"Dakta, kwani nimekufanyia nini?"

Tisini na sita. Kwa hesabu zangu mwenyewe, mlinzi wetu wa geti alikuwa na moyo wa kushikamana kuliko mwanamke yeyote aliyewahi kupimwa katika mkoa huu. Nilirudi juu nikicheka peke yangu kwenye ngazi. Nilipofika ghorofa ya nne kicheko kikaniishia, maana nilikumbuka idadi ya watoto waliochukuliwa.

Mkurugenzi Azaria Mhando alinisikiliza bila kunikatiza. Si mtu mbaya, niseme ukweli. Tulianza kazi mwaka mmoja, na mkewe alipougua aliomba likizo mwaka mzima kumuuguza, yeye mpitaji wa namba kumi na tisa.

"Watoto elfu kumi na moja," alisema. "Elfu kumi na moja wameondolewa kwa baba zao kwa swali hilo. Unataka nisimame niwaambie watu hao kwamba tulikosea kitenzi?"

"Nataka nisimame mimi."

"Nakiete, sikiliza." Alifungua droo akatoa karatasi moja. "Hiki ni kibali maalumu. Kinaniruhusu kumtoa mwombaji mmoja na mwenzake nje ya namba, kwa hali ya kipekee, ukithibitisha wewe. Weka saini, fundi wako anabaki na mwanawe, yule dada anaruka zake Mwezini. Swali tunalibadilisha kimyakimya mwakani. Ukienda Barazani na vituko vya kantini, wakakataa, mtoto anaondoka Ijumaa hiyohiyo na mimi sitakuwa na la kufanya. Baraza likishaamua, kibali hakifanyi kazi."

Alikuwa anasema kweli, na ndiyo maana niliumia. Upande mmoja mtoto mmoja, salama, leo. Upande wa pili watoto elfu kumi na moja, pengine, na yule mmoja nikimcheza kamari. Na sitajitakasa: nililiona pia jina langu mlangoni pa ukumbi, nikaona likibaki pale.

Nikaikunja karatasi nikaitia mkobani. Sikuiwekea saini, wala sikuichana.

*

Gereji ya treni inanuka chuma cha moto na chai ya tangawizi. Mbelwa alivua kofia yake ya kuchomelea aliponiona, akafuta stuli kwa kitambaa kabla ya kunikaribisha. Nilimweleza yote: swali, kitenzi, kantini, Mkurugenzi, karatasi. Alistahili kujua, kwa kuwa kamari ingechezwa kwa mwanawe.

"Sasa hapo unauliza nini, mama?" alisema. "Weka saini. Mimi sina shida na mlango wa nyuma, naupita hata kwa kutambaa. Namtaka mwanangu."

"Sawa. Nakuelewa."

"Naomba niisome kwanza."

Akaisoma polepole, kidole kikifuata maneno. Kilifika katikati kikasimama.

"'Mwombaji ana maumbile yasiyo ya kawaida kwa jinsi yake,'" alisoma kwa sauti. "Yaani mimi?"

"Ndivyo kibali kinavyotaka niseme. Kwamba wewe si kama wanaume wengine."

Aligeuka kutazama kona ya gereji, na mimi nikatazama alikotazama. Pale palikuwa na kigoda kidogo cha chuma, kimechomelewa vizuri na kupakwa rangi ya njano. Mafundi walikizunguka wakipita, lakini hakuna aliyekikalia wala kukiwekea vifaa juu yake.

"Kile cha Chambuso," Mbelwa alisema, akimwonyesha kwa kidevu mzee mmoja mwembamba aliyekuwa ameinama kwenye ekseli. "Alimtengenezea binti yake, Sifuni, awe anakaa akimwangalia kazi. Nyumba ya Malezi walimchukua mwaka juzi. Chambuso alitoka na namba thelathini." Akanirudishia karatasi. "Hapa gereji tuko sita tuliopokonywa au tunaosubiri. Mimi nikisema ni wa ajabu, wao ndio wa kawaida. Kesho nitamwamkia vipi yule mzee?"

"Ukikataa, Ijumaa unaweza kumkosa Tunu."

"Najua." Akavaa tena kofia, ikamficha uso. "Wewe mama, ukisimama pale, utaweza kweli? Usije ukaongea Kiingereza na michoro wakasinzia."

"Nitawauliza swali moja tu," nilimwambia.

Niliichana karatasi palepale, akavitupia vipande kwenye tanuri.

*

Ijumaa ukumbi wa Baraza ulijaa mpaka kwenye madirisha. Mwantumu alikuwa amewaambia makarani wenzake, na makarani hawajui kunong'ona. Salha alikaa mstari wa mbele na sare yake ya urubani, Tunu amelala begani kwa baba yake. Mhudumu wa Nyumba ya Malezi alisubiri mlangoni na begi dogo lenye nguo za mtoto. Nilipoliona begi lile hofu yote ilinitoka, ikabaki hasira.

Mwenyekiti ni Jaji Sefania Mnkande, mtu mkavu, ambaye katika miaka kumi hajaonekana akitabasamu hata kwenye picha za harusi ya mwanawe.

"Dakta Shemdoe," alisema, "nimeambiwa una ushahidi."

"Ninao, mheshimiwa, ila umo mwilini mwako. Naomba uvae bangili."

Watu wakaguna. Alinitazama juu ya miwani, akanyoosha mkono, nami nikamfunga. Kioo kikubwa cha ukutani kilionyesha mstari wake umelala kabisa.

"Mheshimiwa umeoa miaka mingapi?"

"Arobaini na mmoja."

"Je, ungependa kuolewa na mama watoto wako?"

"Kuolewa? Nani, mimi?"

Mstari ulipaa. Ulipita themanini, ukapita tisini, ukatulia kwenye tisini na saba, na chini yake Mizani ikaandika kwa herufi kubwa za kijani: MKAAJI. HARUHUSIWI KUTENGANA NA MTOTO.

Ukumbi ulipasuka. Kicheko kilianzia kwa makarani wa nyuma kikaja mbele kama mafuriko, na wanawake walicheka zaidi, maana wao walishaelewa. Salha alijipiga mapaja. Mkurugenzi Mhando alijiziba uso kwa mikono miwili, na mabega yake yalikuwa yanacheka. Jaji aliutazama mstari wake, akauangalia mkono wake, na ukingo wa mdomo wake ukapanda kidogo. Wanaodai hakutabasamu hawakukaa mbele.

Nilisubiri watulie, kisha nikasema lililonileta.

"Swali hilo nililiandika mimi, Nakiete Shemdoe, na sitaki alaumiwe karani yeyote. Kwa miaka thelathini na minne tumewauliza wanawake kama wangependa kuoa, wakashtuka, tukaandika kwamba wanapenda. Tumewauliza wanaume swali walilolizoea tangu utotoni, hawakushtuka, tukaandika kwamba hawana moyo. Sisemi mwanamume na mwanamke ni sawasawa. Inawezekana mageuzi yametuwekea tofauti, na mimi bado nazitafuta. Ila tulichokipima hapa si mapenzi. Tumepima sarufi, na kwa sarufi hiyo tumewachukulia watu watoto wao. Ninaomba radhi."

Hakuna aliyecheka sasa.

"Una swali jingine la kuweka mahali pake?" Jaji aliuliza.

"Ninalo, na halibadiliki kwa yeyote. Ukiamka asubuhi na hayupo, utafanya nini?"

Mwantumu alimfunga Mbelwa bangili. Nilimuuliza kuhusu Tunu.

"Nitamtafuta," alisema. Mstari ulipanda taratibu, bila kuruka, ukafika themanini na moja na kukaa huko huku mtoto akihema begani kwake.

Salha naye akafungwa. "Nikiamka hayupo nitajua yuko kwa baba yake," alisema, "nitapiga simu kutoka huko juu kila siku mpaka wanichoke. Nampenda mwanangu na naitaka kazi yangu, waheshimiwa, na sioni kwa nini nichague." Mstari wake ulifika sabini na tisa. Yeye na Mbelwa walipishana namba mbili, na baada ya makarani kuwauliza watu mia nane wiki iliyofuata, wanaume na wanawake wa Korogwe walionekana hivyohivyo, wamechanganyika kwenye mchoro hata huwezi kuwatenga.

Wajumbe wote kumi na mmoja waliinua mikono. Swali la kumi na nne likafutwa, Tunu akabaki na baba yake, Salha akapewa ruhusa ya kuruka, na majalada yote yakaamriwa kufunguliwa upya. Vigelegele vilimwamsha mtoto, akalia kwa nguvu, na kelele zake zikazidisha shangwe. Yule mhudumu wa mlangoni alilifungua begi akampa Mbelwa nguo, akaenda zake akifuta macho.

*

Jina langu niliomba waliondoe pale mlangoni, na fundi aliliondoa kwa bisibisi kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Sikuumia kama nilivyotarajia. Waliniomba nibaki kufungua majalada, nami nikaomba chumba namba tatu, na kiti kilekile kigumu.

Jumatatu saa moja na nusu foleni ilikuwa imeshazunguka jengo. Wa kwanza alikuwa Chambuso, amevaa shati lililopigwa pasi, kigoda cha njano kwapani. Nilifungua jalada la Sifuni na safari hii nilianzia safu ya maoni. Karani wa wakati ule alikuwa ameandika kwa mkono: "Baba ameuliza kama anaweza kumbeba mpaka kwenye gari." Nilisoma mara mbili, na niliona haya kuliko siku ile ya Baraza.

Nilimfunga bangili. "Mzee Chambuso, ukiamka asubuhi na Sifuni hayupo, utafanya nini?"

Aliniangalia bila kinyongo, na hilo lilikuwa gumu kulivumilia.

"Mama," alisema, "huu mwaka wa pili naamka hayupo. Naenda kazini, nakifuta hiki vumbi, nakirudisha pale."

Sikutazama kioo. Niliifungua bangili nikaiweka mezani, nikagonga mhuri kwenye jalada, nikasimama na kuchukua mkoba wangu.

"Twende tukamchukue," nikamwambia.

Alisimama akiwa amekikumbatia kigoda, akakipima kwa macho kama afanyavyo fundi.

"Sasa hivi ana miaka saba. Kitakuwa kifupi kwake," alisema, na kwa mara ya kwanza akacheka. "Lakini miguu nitaiongeza."